Ekutere mu masikio, kamyo nyuma: nani njo anaua mupanda kinga?

Kila mara kinga inagongwa na kamyo ku barabara ya Lubumbashi–Likasi, kabla hata ya kuuliza kamyo ilikuwa na mbio gani, kuna mutu atasema: "Alikuwa na ekutere mu masikio." Na hapo mazungumuzo inaisha. Shofere anapumua, wenye kusimama pale wanatikisa kichwa, na marehemu anabebeshwa kosa ya mwisho ya maisha yake, yeye mwenye hawezi tena kujibu.

Bandugu wasomaji, ile sentensi siikubali. Lakini sikubali vilevile jibu ya haraka ya wengine, wenye kusema ekutere haina neno, mutu asikilize muziki yake, Mungu ndiye mulinzi. Pande zote mbili zinasema bila kupima. Siye tuliosoma tunapaswa kupima kwanza, juu wenye kupanda kinga hapa kwetu si watu wa michezo ya Jumapili. Ni wenye kuleta makala mu muji, ni wenye kuuza ndizi na muhogo, ni moniteri wa kilimo anayeenda kuona mashamba mbali. Na mu wale, wengi wako na telefoni mu mufuko na waya mu masikio.

Tuanze na kazi ya sikio. Jicho linaona mbele na kidogo pembeni. Sikio linasikia pande zote, hata nyuma. Mwenye motokari ana vioo vya kuona nyuma. Mwenye kinga ya makala hana kioo, na mifuko imepandishwa nyuma yake mpaka akigeuza kichwa anaona paka mifuko. Kwa hiyo habari yote ya nyuma inamufikia kwa njia moja tu, sikio.

Tufanye hesabu ndogo. Kamyo inakimbia kilometa 60 kwa saa, kinga inaenda 15. Tofauti ni 45 kwa saa, ni kusema metre 12 na nusu kila sekunde. Kama mupanda kinga anasikia kamyo ikiwa bado metre 100, ana sekunde 8. Anaweza kupunguza mwendo, kuchagua pahali pazuri, kushuka ku udongo bila kuanguka. Kama muziki inafanya aisikie ku metre 25 tu, ana sekunde 2. Sekunde 2 zinamutosha kijana mwenye kinga tupu. Kwa mwenye mifuko tatu ya makala, pahali lami inaisha kama ngazi kutelemuka ku mavumbi, hazitoshi.

Kuna jambo ingine ya kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havisemi. Siye tunatembea kuume, lakini Katanga inapokea magari mengi na makamyo kupitia Zambia na Tanzania, inchi zenye kutembea kushoto. Matokeo yake, shofere wengi hapa wanakaa upande wa kuume wa gari. Mutu wa namna ile, akitaka kumupita mwenye kinga, kinga anaiona muzuri sana, lakini haoni kinachokuja mbele mpaka atoe pua ya kamyo katikati ya barabara. Akikuta kamyo ingine inakuja, anarudi kuume mbio. Kuume kuna nani? Kuna mwenye kinga. Juu ya hiyo shofere anapiga klaksoni mbele ya kutoka. Wageni wanafikiri ni kelele ya bure, kumbe ni namna yake ya kusema "toka, sioni mbele." Mwenye kufunga masikio anakosa neno ile moja ambayo ilikuwa yake.

Basi, ekutere inafunga sikio namna gani? Hapa watu wanachanganya vintu. Kuna ile inayoingia ndani kabisa na kuziba tundu, kuna ile inayokaa ku mulango ya sikio tu, na kuna ile kubwa yenye kufunika sikio nzima. Ya kukaa ku mulango inaacha hewa na sauti zipite. Ya kuziba inazuia sauti hata kama muziki imezimwa. Na kuna hizi mupya zenye kufuta kelele. Zile zinafanya kazi muzuri zaidi ku sauti nzito isiyobadilika, kama mungurumo wa moteri. Ndani ya ndege ni raha. Ku barabara ya Likasi, mungurumo wa moteri njo habari ulikuwa unangojea. Angalia pia neno tulilopewa na Kifaransa: kaske ni ya kulinda kichwa, na kaske ni ya kufunika masikio. Neno moja, kazi mbili zinazopingana.

Tena, sauti nzito ya muziki inafunika kirahisi sauti zenye kuwa nyembamba kuliko yenyewe. Na upepo unapiga sikio kadiri unavyokimbia. Kwa hiyo muziki iliyotosha nyumbani, ku barabara haisikiki tena, na kidole kinaenda kuiongeza. OMS inasema kwa mutu mukubwa sauti ya desibeli 80 isipite saa 40 kwa juma. Mwenye kuongeza sauti ili ashinde upepo na moteri anaharibu usalama wa leo na sikio la kesho pamoja.

Mpaka hapa inaonekana kama ninaunga mukono wale wa "alikuwa na ekutere." Ngojeni.

Hesabu ambayo watu wanapenda kutaja ni ya Marekani. Richard Lichenstein na wenzake walichapisha mu 2012 uchunguzi wa ajali 116 za watu waliokuwa na ekutere, kati ya 2004 na 2011. Asilimia 70 walikufa. Inatisha. Lakini tusome muzuri. Watu wale walikuwa wa miguu, hawakuwa ku kinga. Zaidi ya nusu waligongwa na gari-moshi. Na kesi nyingi zilitolewa mu habari za magazeti na televizyo, ambazo zinapenda kuandika vifo kuliko michubuko. Zaidi ya yote, hakuna kipande cha pili: ni watu wangapi walitembea na ekutere miaka ile bila kugongwa? Wenyewe watafiti walikubali kwamba kazi yao haionyeshi kama ekutere njo ilileta ajali.

Mu agronomi tunajua ile shida. Ukitia mbolea ku parseli moja, mahindi ikageuka manjano, huwezi kusema "ni mbolea" kama haukuacha parseli-shahidi pembeni, yenye udongo uleule na mvua ileile, bila mbolea. Labda ni maji yalisimama. Labda ni mbegu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akileta kazi bila shahidi, profesere anamurudishia. Lakini ku barabara tunahukumu marehemu bila shahidi, na hakuna wa kuturudishia kazi.

Kazi yenye shahidi iko. Ku Groningen, Uholanzi, Dick de Waard na wenzake walitoa mu 2011 jaribio la watu ku baiskeli, mutu yuleyule na muziki na bila muziki. Waliona kwamba wenye kuziba masikio mawili kwa ekutere za ndani walikosa kusikia sauti za kuonya mara nyingi zaidi. Kwa sikio moja tu, ile tofauti haikuonekana. Ile ninaiamini zaidi. Lakini nayo ina mupaka wake: kukosa kusikia sauti ya jaribio si sawa na kugongwa, na walijaribu mu njia salama, bila kamyo ya madini nyuma.

Wenye kutetea ekutere nao wana karatasi yao. Gazeti la Australia la wapanda baiskeli, Ride On, lilipima mu 2011 na kukuta kwamba mwenye baiskeli mwenye ekutere, kwa sauti ya kadiri, anasikia inje kuliko shofere aliyefunga vioo vya gari, hata bila muziki. Ni kweli, na ni swali zuri: juu ya nini tunamukataza huyu, yule tunamuachia redio? Lakini ulinganisho ule unafika nusu ya njia tu. Shofere asiyesikia ana vioo, ana chuma pande zote, ana mukaba. Akikosea, mara nyingi anayeumia ni mwingine. Mwenye kinga asiyesikia hana hata kimoja.

Wengine wanasema: "Na bubu-kiziwi, si anapanda kinga kila siku?" Anapanda, ndiyo, na mara nyingi anapanda muzuri kuliko siye. Lakini kiziwi anajua kwamba hasikii, kwa hiyo macho yake yamezoea kuzunguka. Mwenye ekutere anafikiri bado anasikia. Hatari iko pale, ku kufikiri.

Sasa sheria. Ufaransa ilikataza ekutere kwa wenye kuendesha, pamoja na wapanda baiskeli, kuanzia tarehe 1 Julai 2015, na faini ni euro 135. Uholanzi, inchi ya baiskeli kuliko zote, haikatazi muziki. Kuanzia 1 Julai 2019 inakataza kushika telefoni mu mukono ukiendesha baiskeli. Nani ana haki? Labda wote wawili, kila mumoja kwa barabara yake. Mu Uholanzi, pahali pengi baiskeli ina njia yake, mbali na makamyo. Ile njia inafanya kazi ambayo huku kwetu inafanywa na sikio. Kuchukua uhuru wa Uholanzi bila njia za Uholanzi ni kama kuleta mbegu ya inchi ya baridi na kuipanda Kasenga: mbegu haina kosa, ni wewe haukuangalia udongo.

Lakini kuchukua faini ya Ufaransa pia kuna sumu yake. Mu Novemba 2013, ku London, wapanda baiskeli 6 walikufa mu majuma mawili. Meya Boris Johnson akasema hadharani angependa ekutere zikatazwe. Watu wengi wakamukasirikia, na walikuwa na sababu: malori makubwa njo yalikuwa yanaua wapanda baiskeli wengi kupita hesabu yake mu barabara. Muji ule ukakuja kushika kazi ya kweli baadaye: kuanzia Machi 2021, lori lenye kupita tani 12 haliruhusiwi kuingia London bila kibali kinachoangalia shofere anaona namna gani kutoka ku kiti chake. Ni kusema walitoka ku masikio ya marehemu, wakaenda ku macho ya shofere. Ilichukua miaka.

Hapa kwetu hatari ni kwamba tutabakia ku masikio. Faini ya ekutere ni rahisi kukamata: waya inaonekana, mwenye kinga hana nguvu, hawezi kukimbia na mifuko. Kamyo bila breki nzuri, kamyo yenye muzigo kupita kiasi, kamyo ya usiku bila taa nyuma, hizo ni nguvu kuzisimamisha. Lakini njo zinaua. Na barabara isiyo na pembeni ya kupitia miguu na kinga, ile hauwezi kuiandikia faini.

Tena tusisahau kwa nini mutu anaweka ekutere. Njia ni ndefu, jua ni kali, mulima ni muingi. Muziki inapatia miguu mwendo. Redio inamupatia habari. Radio Okapi inasema naye Kiswahili tangu 2002. Na telefoni inamuambia leo makala inauzwa bei gani mbele afike. Mwenye kumuambia "toa" bila kumuachia kitu anamuambia atembee siku nzima na uchovu wake pekee.

Wengi wameisha kupata dawa yao: redio ndogo, ama telefoni yenyewe, imefungwa ku giduo, sauti inatoka inje na masikio yote mawili yako wazi. Ile njo ningeshauri ya kwanza. Mwenye hawezi, aweke sikio moja tu, la kuume, juu kamyo inamupita kushoto. Ajue hata hivyo kwamba ni nusu ya dawa: masikio mawili njo yanakuambia sauti inatoka wapi, moja linakuambia tu kwamba iko. Za kuziba na za kufuta kelele, zibakie nyumbani. Na kupokea telefoni, simama kwanza.

Kwa hiyo ninasema hivi: ku barabara zetu kubwa, ekutere mu masikio mawili si salama. Si kwa sababu imehakikishwa kwamba inaua, bali kwa sababu mupanda kinga wa kwetu amenyimwa kila kingine, na sikio njo ulinzi wa mwisho uliobakia. Mutu anaweza kutoa ekutere na bado agongwe kesho na kamyo isiyo na breki. Siku ile ikifika, tusitafute waya mu masikio yake. Tuulize kwanza kamyo ilikuwa na mbio gani, breki zake ziko namna gani, na barabara ilimuachia pahali gani pa kupita. Mwenye kuona vingine, alete sababu zake, na alete parseli-shahidi pamoja.