"Jina la Ukoo" katika Fomu na katika Desturi: Uhakiki wa Istilahi Moja na Athari Zake kwa Majina ya Watoto

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi "jina la ukoo" kama inavyotumika katika nyaraka za usajili wa watu katika ukanda wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Istilahi hiyo inapimwa kwa desturi za utoaji majina za Buganda, Agĩkũyu, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba katika desturi hizo mtoto humuenzi mhenga kwa kuwekwa katika uhusiano unaotambuliwa na jamaa, wala si lazima abebe neno lilelile alilobeba baba yake. Fomu inayodai neno hilo huwalazimisha wazazi kuchagua baina ya heshima ya ukoo na wepesi wa kutambuliwa na dola.

1. Utangulizi

Mzazi anapompa mtoto jina la babu au bibi aliyefariki, anafanya mambo matatu kwa pamoja. Anamrudisha marehemu katika mazungumzo ya kila siku, anampa mtoto nafasi katika mfuatano wa waliomtangulia, na anawajulisha jamaa wa upande fulani kwamba hawajasahauliwa. Methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa hutajwa mara nyingi katika mijadala ya majina. Hata hivyo, methali hiyo haielezi asili huhifadhiwa kwa njia gani, na hapo ndipo fomu ya usajili inapoingia na jibu lake.

Fomu huuliza jina la kwanza, jina la kati na "jina la ukoo". Kwa maneno, swali la tatu linahusu ukoo, yaani kundi la watu wanaojihesabu kuwa wa mhenga mmoja. Kwa matumizi, linatazamia jina moja lisilobadilika ambalo baba na watoto wake wote wanalo. Kiswahili kimetafsiri dhana ya Ulaya kwa neno lililokwisha kuwa na maana yake, na tofauti baina ya maana hizo mbili haikushughulikiwa. Gharama yake humwangukia mtoto. Anapovuka mpaka na mzazi ambaye jina lake halifanani na la kwake, au anapodai urithi mbele ya ofisa asiyejua desturi ya kwao, kutofanana kwa majina huchukuliwa kuwa dalili ya udanganyifu.

2. Ukoo usio jina la baba: Buganda na Agĩkũyu

Buganda ni mfano unaofaa kuanzia, kwa kuwa huko majina ya ukoo yapo kwa maana kamili ya neno hilo. Kila ukoo una mwiko wake, kama vile chui, tumbili au kamongo, na una hazina yake ya majina ya kiume na ya kike. Mtoto hupewa jina kutoka katika hazina ya ukoo wa baba yake, na kwa kawaida ni jina lililokwisha kubebwa na mtu wa ukoo huo. Ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano, na hata mmoja wao asilichukue la baba. Hata hivyo, mjuzi akiyasikia hutambua kwamba wote ni wa ukoo mmoja. Utambuzi huo si pambo, kwani watu wa ukoo mmoja hawaoani, na jina hutoa onyo kabla ya posa.

Desturi hiyohiyo inaonyesha pia kwamba heshima ya jina haielekei upande mmoja tu. Pacha wa kiume huitwa Wasswa na Kato, wa kike huitwa Babirye na Nakato, kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa. Papo hapo wazazi nao hupata majina mapya: baba huwa Ssalongo na mama Nnalongo. Hapa mtoto ndiye anayempa mzazi jina. Hakuna nafasi katika fomu inayoweza kupokea mwelekeo huo.

Kwa Agĩkũyu wa Kenya, utaratibu ni mwingine. Mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, na wa pili la bibi mzaa mama. Hivyo heshima hugawanywa baina ya pande mbili za ndoa, na ukoo wa mama una haki yake. Sharti la jina moja la baba kwa watoto wote likitiliwa mkazo, haki hiyo husukumwa katika nafasi ya kati, ambayo ofisa huifupisha kwa herufi moja au kuiacha. Bibi mzaa mama hubaki kuwa herufi na nukta.

3. Jina lisilorithiwa: Rwanda na Burundi

Rwanda na Burundi zinaipinga dhana ya fomu kutoka upande mwingine kabisa. Kimapokeo mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lililotungwa kutokana na hali ya kuzaliwa kwake, imani ya wazazi au ujumbe wanaotaka kuutoa. Hakizimana humtaja Mungu kuwa ndiye aokoaye. Nkurunziza ni habari njema. Baba na mwana hawalazimiki kushiriki hata silabi moja. Katika mapokeo ya Rwanda, jina lilitolewa siku ya nane, na watoto wa jirani walialikwa kula na kupendekeza majina. Jina lilikuwa tukio la kijiji kabla halijawa maandishi.

Isidhaniwe kwamba jamii hizo hazikujua kurithisha jina. Katika ufalme wa Burundi majina ya kutawalia yalizunguka kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, kisha mzunguko ukaanza upya. Mwambutsa wa Nne alitawala tangu mwaka 1915 hadi 1966, na aliyemfuata akawa Ntare wa Tano. Jina lililorudiwa lilikuwa alama ya kiti cha enzi; jina lililotungwa upya lilikuwa la kila mtoto. Kwa hiyo, kumtaka Mrundi wa leo aonyeshe "jina la ukoo" wake ni kumdai kitu ambacho desturi yake ilikitenga kwa ajili ya watawala.

4. Jina kwa amri: Kongo

Inaweza kudhaniwa kwamba suluhisho ni dola kuamuru majina ya asili. Kongo ilijaribu njia hiyo. Baada ya nchi kuitwa Zaire mwaka 1971, Mobutu aliacha majina ya Joseph-Désiré mwaka 1972 na kuwataka raia nao waache majina ya kigeni. Kardinali Joseph-Albert Malula alipinga, na mwaka huohuo akalazimika kukaa Roma kwa muda. Baadaye Sheria ya Familia ya mwaka 1987, katika kifungu cha 58, iliagiza kwamba majina yachotwe katika urithi wa kitamaduni wa nchi. Mfumo mmoja wa chama ulipofikia mwisho mwaka 1990, majina ya ubatizo yalirejea hadharani.

Sera hiyo ilikuwa na shabaha ya kueleweka, yaani kurejesha heshima iliyovunjwa na ukoloni. Kasoro yake ni kwamba iliangalia asili ya neno na kusahau asili ya tendo. Mtu aliweza kuokota jina lolote lenye sauti ya kienyeji, akatimiza sheria, na asimuenzi mhenga yeyote. Kinyume chake, mtoto aliyepewa jina la ubatizo la bibi yake alikuwa ameunganishwa na bibi huyo kikweli, ingawa neno lenyewe lilitoka ng'ambo. Fomu ya kikoloni na amri ya uasilia, ingawa zinaonekana mahasimu, zinakubaliana katika jambo moja: zote mbili humwondolea mzazi uamuzi wa ni nani anayeenziwa.

5. Istilahi na sera

Hoja ya kawaida ya watetezi wa fomu ni kwamba dola inahitaji uthabiti na kwamba safari za kimataifa zinadai jina la baba. Sehemu ya pili ya hoja hiyo haina msingi. Waraka 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, unaoongoza muundo wa pasipoti, huzungumzia kitambulishi cha msingi na kitambulishi cha pili, na huiachia nchi inayotoa hati iamue sehemu ipi ya jina iwe ya msingi. Sharti la jina la baba, basi, ni tafsiri iliyofanywa nyumbani.

Kuhusu uthabiti, nchi zinazotoa nambari ya utambulisho kwa kila raia tayari zina njia ya kumtofautisha mtu na mwingine. Uhusiano wa mtoto na wazazi unathibitishwa na rejista ya uzazi. Jina halipaswi kubebeshwa kazi zinazofanywa vizuri zaidi na nambari na rejista.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, istilahi "jina la ukoo" itumike tu pale ambapo desturi ya mhusika ina jina la namna hiyo. Kwingineko fomu iulize "majina kamili kama yanavyotumiwa". Pili, jina la baba na jina la mama yaandikwe katika nafasi zao zenyewe, yasidaiwe ndani ya jina la mtoto. Tatu, maofisa wa mipakani na wa mirathi waelekezwe kwamba kutofanana kwa majina ya mzazi na mtoto pekee si ushahidi dhidi ya uzazi. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 kinataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Lugha inayopewa dhamana hiyo haiwezi kuwa na istilahi inayomkana Mrundi na kumpunguza Mũgĩkũyu.

6. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi inayoonekana kuutetea ukoo inaweza kuufuta. Desturi zilizojadiliwa zinatofautiana sana, lakini katika kila mojawapo jina hujibu swali la mtoto ni wa nani na anakumbukwa pamoja na nani. Mzazi anayekwenda kusajili mtoto hana budi kuachiwa nafasi ya kulijibu swali hilo kwa namna ya kwao. Kazi ya msajili ni kuliandika jibu hilo bila kulikata.