Nani Alimleta Mnunuzi? Hesabu ya Kamisheni katika Biashara ya Mtandao

Mtu akiitazama kwa makini anwani ya bidhaa ya Amazon iliyowekwa katika tovuti ya mwandishi wa Marekani anayeishi kwa kamisheni, ataona kwamba baada ya herufi na tarakimu zinazoitambulisha bidhaa yenyewe hufuata mkia mfupi: neno «tag», alama ya sawasawa, jina alilojichagulia mwandishi, kistari, na tarakimu 20, na ikiwa anwani ni ya duka la Amazon la Uingereza, tarakimu huwa 21. Mkia huo ndio mkataba mzima uliofupishwa. Msomaji akiukata, bidhaa itafunguka vilevile, bei haitazidi wala haitapungua, ila mwandishi aliyempeleka dukani atakuwa amefanya kazi ya bure.

Muradi wa uchambuzi huu ni kueleza namna mkia kama huo unavyogeuka fedha, maana wengi wanaojitia katika udalali wa mtandaoni hudhani kwamba ugumu wake uko katika kuandika na kupata wasomaji, ilhali jambo lililowatoa mafundi jasho tangu siku ya kwanza ni ushahidi: nani alimleta mnunuzi, na daftari la ushahidi huo lishikwe na nani. Dalali wa nyumba humfikisha mpangaji mlangoni kwa miguu yake, na watu watatu wakaonana uso kwa uso. Dalali wa mtandaoni hamwoni mnunuzi, hamwoni muuzaji, na aghalabu hajui hata kama biashara imefanyika mpaka aambiwe na mwenye kupaswa kumlipa.

Fikra yenyewe haikuanza na Amazon. Kampuni ya PC Flowers & Gifts ya William Tobin ilikuwa ikiuza maua kwa njia ya huduma ya mtandaoni ya Prodigy tangu mwaka 1989, na kuilipa huduma hiyo sehemu ya mauzo; kisha mwaka 1994 CDNow, duka la muziki la ndugu mapacha Jason na Matthew Olim, likafungua mpango wake ulioitwa BuyWeb, ambao kwao wenye kurasa za muziki waliweza kuwapeleka wasomaji wao kununua sahani na kupata fungu. Walakini ilipofika Julai 1996 Amazon iliufungua mlango kwa kila mtu, awe mwenye gazeti au mwenye ukurasa mmoja wa mapishi, kwa kujaza fomu tu, na Februari 2000 ikapewa hataza ya utaratibu huo, jambo lililowafanya wenzake wengi waliokuwa wakifanya vivyo hivyo kukunja nyuso.

Ili tuelewe ugumu uliokuwapo, sharti tukumbuke kwamba wavuti iliumbwa haina kumbukumbu: seva ikishatoa ukurasa uliotakiwa humsahau aliyeutaka, na ombi lake la pili hulipokea kama la mgeni asiyewahi kufika. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, aliitibu kasoro hiyo kwa kidakuzi, yaani kiandiko kifupi ambacho seva hukikabidhi kivinjari, nacho kivinjari hukihifadhi na kukirudisha kila kiijiapo tena seva ileile. Haja iliyomsukuma ilikuwa kikapu cha ununuzi. Udalali haukuwamo katika fikra zake. Lakini dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kikapu ndiyo iliyokuja kuwa shahidi wa madalali kwa zaidi ya miaka 20.

Kati ya 1996 na 2000 zikazuka kampuni za kushika daftari: LinkShare huko New York, Commission Junction huko Santa Barbara, California, na ShareASale huko Chicago. Wauzaji hawakuzitafuta kwa kuwa hawakujua kuhesabu; walizitafuta kwa kuwa hesabu ya mwenye kulipa haiaminiwi na mwenye kulipwa, na mchapishaji, yaani mwenye tovuti inayobeba viungo, akiwa na wauzaji 50 hawezi kukagua madaftari 50 yaliyoandikwa kwa namna 50. Kazi ya kampuni hizo ilifanywa hivi. Kiungo kilichowekwa katika tovuti hakikuelekea dukani moja kwa moja, bali kilipitia kwanza katika seva ya mtandao wa udalali, yaani ya kampuni hiyo ya kushika daftari. Pale, kwa muda usiofika wa kufumba jicho, seva iliandika namba ya mbofyo, jina la mchapishaji, jina la muuzaji na saa, ikakikabidhi kivinjari kidakuzi chenye namba ile, kisha ikampeleka msomaji dukani pasipo mwenyewe kutambua kwamba amepitishwa mahali. Dukani, katika ukurasa wa mwisho ule wa kumshukuru mnunuzi, muuzaji alikuwa ametega picha ya pikseli moja, isiyoonekana kwa macho, inayotoka katika seva ileile ya mtandao wa udalali. Na ndani ya anwani ya picha hiyo aliandika namba ya oda na thamani yake. Kivinjari kikienda kuichukua picha hakina budi kurudisha kidakuzi, na seva ikipokea kwa mkupuo mmoja kidakuzi chenye namba ya mbofyo na anwani yenye thamani ya oda, huziunganisha pande mbili za habari ambazo kabla ya hapo hazikujuana, ikamwandikia mchapishaji kamisheni yake. Picha isiyotazamwa na mtu, ikitumwa kutoa ushahidi: ni werevu wa kupendeza, nami naukubali hata sasa ambapo wakati wake unapita.

Kidakuzi hupewa umri, na umri huo ndio kipengele cha mkataba ambacho mchapishaji mpya hukisoma mwisho ilhali angestahili kukisoma kwanza. Wauzaji wengi hutoa siku 30. Amazon hutoa saa 24, ila kitu kilichotiwa kikapuni ndani ya saa hizo huweza kuhesabiwa mpaka siku 90. Na katika saa hizo chochote atakachonunua mgeni huingia hesabuni, hata kama alibofya kitabu akaishia kununua jokofu. Fauka ya hayo, fedha haitolewi papo hapo, maana bidhaa yaweza kurudishwa, na kamisheni iliyokwisha kuandikwa ikafutwa.

Huduma za kuwasaidia wachapishaji zilizaliwa kutokana na uchovu. Gazeti lenye kurasa elfu za miaka iliyopita, kila ukurasa ukitaja bidhaa tano za maduka matano, halina mtu wa kukaa na kubadili viungo kimoja kimoja, kutia saini mikataba na kila duka, na kufuatilia maduka yaliyofungwa. Skimlinks ya London, iliyoanzishwa na Alicia Navarro, na VigLink ya Marekani, iliyoanza mwaka 2009, zilitoa jawabu lilelile: mchapishaji huweka mstari mmoja wa msimbo katika tovuti yake, na msomaji anapobofya kiungo cha kawaida, msimbo huo hukigeuza papo kwa papo kuwa kiungo cha kamisheni, chini ya mikataba ambayo kampuni hiyo imekwisha kuifunga na maelfu ya maduka. Skimlinks hujikatia robo ya kamisheni. Robo ni ghali mno kwa mtu mwenye viungo kumi, ambaye angeweza kuvifunga kwa mkono wake adhuhuri moja, na ni rahisi kwa mwenye hazina kubwa ya makala za zamani ambazo pasipo msimbo huo zisingemletea hata senti. Nadhani thamani halisi ya huduma hizo haimo katika kugeuza viungo; imo katika ripoti, maana kila mbofyo waweza kubandikwa alama ndogo ya ukurasa ulikotokea, na mhariri akajua makala gani inauza na ipi inasomwa tu.

Ziko pia zana nyepesi zaidi, kama programu-jalizi za WordPress za kufupisha viungo virefu, na Geniuslink, inayomtazama msomaji ametokea nchi gani ikampeleka duka la nchi hiyo. Mwenye kuzitumia afahamu kwamba Amazon hairuhusu kuficha kwamba kiungo kinaelekea kwake. Kadhalika Google tangu 2019 hutaka viungo vya malipo vitiwe alama ya «sponsored», na Tume ya Biashara ya Marekani tangu 2009 huwataka wenye kulipwa kwa kusifu bidhaa waseme hivyo bayana.

Penye daftari hapakosi mwenye kulighushi. Mwaka 2008 eBay iliwashtaki huko California washirika wake wawili waliokuwa wakilipwa kuliko wote, katika mpango uliohesabiwa na Commission Junction. Hila yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kunasa. Vidude vya bure vilitolewa, watu wakavipachika katika kurasa zao, na ndani ya vidude hivyo mlikuwa na picha isiyoonekana ambayo anwani yake ilikuwa kiungo cha kamisheni cha eBay. Kivinjari hakijui kutofautisha kiungo kilichobofywa na picha inayotakiwa. Kilikwenda, kikapewa kidakuzi, na ijapokuwa picha yenyewe haikupatikana, kidakuzi kilibaki. Mamilioni ya watu wakawa wanatembea na ushahidi wa mbofyo ambao hawakuufanya. Na kwa kuwa eBay ilikuwa duka ambalo Mmarekani wa siku zile angeliingia kwa hiari yake mwenyewe, wengi walinunua, na eBay ikalipa mamilioni ya dola kwa wateja waliokuwa wake tangu hapo. Kwa mujibu wa mashtaka, msimbo uliziruka kompyuta zilizokuwa San Jose, makao ya eBay, na Santa Barbara, makao ya wenye daftari, ili wakaguzi wakichungulia wakiwa ofisini wasione kitu. Katika kesi ya jinai iliyofuata wote wawili walikiri kosa, wakahukumiwa vifungo mwaka 2014.

Ila ulaghai huo ulikuwa wa watu waliovunja kanuni. Lenye kutia mashaka zaidi ni lile linalofanyika ndani ya kanuni. Mitandao mingi humlipa aliyebofywa mwisho, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyemkamilisha mnunuzi. Basi mwandishi aliyefanya kazi ya mwezi mzima kulinganisha mashine za kufulia humpoteza mnunuzi katika dakika ya mwisho, pale programu ya kutafuta kuponi, iliyokaa ndani ya kivinjari, inapojitokeza mbele ya sanduku la malipo na kuweka kidakuzi chake juu ya kile kilichokuwapo. Desemba 2024 tuhuma za namna hiyo zilitolewa hadharani dhidi ya Honey, programu ambayo PayPal ilikubali kuinunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 4. Kesi zikafunguliwa, na mwezi Machi 2025 Google ikakaza masharti ya programu kama hizo katika kivinjari chake cha Chrome, ikidai kwamba kiungo cha kamisheni kisitiwe pasipo kitendo cha mtumiaji na faida bayana kwake. Sioni kwamba masharti yanaufikia mzizi. Maadamu kanuni ni kumlipa wa mwisho, watu watashindana kuwa wa mwisho, na mahali pa mwisho ni mlangoni pa muuzaji, hapana habari ya kuandika wala maarifa ya kutoa.

Shahidi mwenyewe, yaani kidakuzi, naye alikuwa amekwisha kuanza kufa. Mwaka 2017 Apple ilitia katika kivinjari chake cha Safari kinga dhidi ya wafuatiliaji. 2019 ikapunguza umri wa vidakuzi vinavyowekwa na msimbo wa ukurasa mpaka siku 7, na katika hali nyingine siku moja. Machi 2020 ikavizuia kabisa vidakuzi vya mtu wa tatu, yaani visivyo vya tovuti anayoitazama msomaji. Picha ya pikseli moja ikawa inachukuliwa bila kidakuzi, shahidi akafika mahakamani hana la kusema. Google ilitangaza mwaka huo kwamba Chrome nayo itavifuta, ikaahirisha mara kwa mara, na Julai 2024 ikaliacha shauri hilo. Lakini mitandao haikusubiri. Njia ya leo ni kwamba namba ya mbofyo husafiri ndani ya anwani mpaka dukani, duka huihifadhi lenyewe kando ya oda, na mauzo yakikamilika seva ya duka huiarifu seva ya mtandao moja kwa moja, kivinjari kikiwa hakihusiki. Kiufundi njia hii ni imara. Kihaki imerudisha kalamu mkononi mwa mwenye kulipa, kwa kuwa asipoarifu, hapana alama nje ya seva yake itakayomsuta.

Uzito wa kalamu hiyo ulionekana Aprili 2020, Amazon ilipoteremsha kamisheni ya samani kutoka asilimia 8 mpaka 3, na ya vyakula kutoka 5 mpaka 1, katika majuma ambayo watu walikuwa wamefungiwa majumbani na wanaagiza kuliko wakati wowote. Wachapishaji wakubwa waliweza kutafuta wauzaji wengine. Wirecutter, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 2011 na kununuliwa na New York Times mwaka 2016 kwa takriban dola milioni 30, ilikuwa chini ya paa lenye mapato mengine. Mwenye tovuti ya peke yake alisoma barua na kunyamaza.

Kwetu pwani na bara ya Afrika Mashariki mitambo hii yote hugonga ukuta mapema. Duka la mtandaoni la Jumia lilikuwa na mpango wa kamisheni, lakini lilipoondoka Tanzania mwishoni mwa 2019 viungo vyake vya huko viliondoka nalo. Na hata liliko, mteja alipaye bidhaa ikishamfikia hawezi kuhesabiwa siku ya oda, kwa kuwa huenda akamwambia mleta mzigo aurudishe. Sehemu kubwa ya biashara yetu hufanyika kwa WhatsApp na Instagram, fedha zikatumwa kwa simu, na hapo hapana ukurasa wa kumshukuru mnunuzi ambamo picha yaweza kutegwa. Ndiyo sababu wauzaji huwapa wenye wafuasi wengi msimbo wa punguzo, neno moja ambalo mnunuzi huliandika au hulitamka anapoagiza, na muuzaji akahesabu mwisho wa mwezi limetajwa mara ngapi. Haliogopi Safari, halihitaji seva, na mnunuzi hulitaja kwa hiari kwa kuwa linampunguzia bei. Lakini neno husambaa: mmoja humpa shoga yake, shoga akalibandika katika kundi la watu 200, na mwenye msimbo akalipwa kwa wanunuzi ambao hawajapata kulisikia hata jina lake.