"Ni" ya Walenisi

Wahakiki wengi wa Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi, huligawa jina la nchi hiyo "wale-ni-sisi" kisha hukimbilia maudhui. Mgawanyo huo ni sahihi. Lakini hicho kishirikishi "ni" kinafanya kazi gani hapo?

Tuazime mfano kutoka lugha ya kubuni. Lojban, iliyoanza kuundwa mwaka 1987 juu ya msingi wa Loglan ya James Cooke Brown, ilinuiwa kufuata mantiki. Kwa mujibu wa sarufi ya John Cowan (1997), kijineno hutangulia jina: "lo" hutaja watu mmoja mmoja, "loi" huwataja kama nguvu moja, na "lo'i" (tamka lohi) hutaja seti yenyewe. (Baadaye maana ya "lo" ililegezwa.) Sisi husema: "Wavuvi watatu walisukuma dau." Kila mmoja kwa zamu yake, au wote kwa pamoja? Kiswahili humwachia msikilizaji. Sarufi ile ilidai msemaji achague. Tena "lo'i" isingefaa, kwani seti haisukumi dau; seti ina idadi na wanachama tu.

Tusijidharau, hata hivyo. "Kundi la panya ni kubwa" na "Panya ni wakubwa" hazichanganywi na mtoto yeyote wa Msambweni. Upatanisho wa ngeli umekwisha kutenga seti na wanachama wake.

Utata umo katika "ni". "Mvita ni Mombasa" ni usawa. "Mwanajuma ni mwanafunzi" ni uanachama. "Wadigo ni Wamijikenda" ni seti ndogo ndani ya kubwa, na huwezi kuigeuza ukadai Wamijikenda wote ni Wadigo. Lojban hutumia "du" kwa usawa na "cmima" kwa uanachama wa seti. Sisi tuna "ni" moja kwa yote.

Sasa turudi kwa Mkangi. Usomaji uliozoeleka huichukua "ni" ya usawa: jamii ile ya haki ndiyo sisi. Mimi siukubali moja kwa moja. Dzombo (jina lililo pia la mlima wetu hapa Kwale) anafika Walenisi akiwa amehukumiwa kufa na jamii yake mwenyewe. Je, "sisi" inamjumuisha yeye pamoja na waliomhukumu? Tukishika usawa, mdhulumu na mdhulumiwa wanaingia Walenisi bega kwa bega, na makali ya riwaya yanapotea. Tukisoma "ni" ya Wadigo na Wamijikenda, wale ni sehemu yetu. Wengine kati yetu bado wako nje, na huenda kwa hiari yao. Mwandishi alikuwa mwanasosholojia, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini. Mtu wa historia hiyo simdhanii kuwa aliiona "sisi" kama neno jepesi.

Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "Walenisi ni baadhi yetu" na kumtaja Dzombo kama ushahidi, asikatwe alama kwa sababu mwongozo unasema "sisi sote".

Kuna jambo jingine dogo. Walenisi kama nchi huchukua umoja: Walenisi imestawi. Ila wa- ile ya mwanzo inavutia ngeli ya A-WA: Walenisi wamestawi. Jaribu sasa kumtoa mmoja: Mlenisi. Sarufi inamkubali, lakini "wale" imeshavunjika.