Heko Mafundi wa Diski wa Mpakani

Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, malori hupita usiku na mchana. Nyuma ya kila lori kuna mafaili: ankara, matamko ya forodha, vibali. Patisheni (sehemu ya diski) kwenye kompyuta ya wakala wa forodha ikifutwa kwa bahati mbaya, kazi husimama. Hapo ndipo fundi wa diski anapotafutwa.

Fundi hodari huanza kwa kukataza: usiwashe tena, usihifadhi chochote humo. Anajua kwamba kufuta patisheni hakufuti mafaili. Kinachoondoka ni taarifa zake katika jedwali dogo, baiti 64 tu kwenye diski za mtindo wa zamani, linaloonyesha kila sehemu inaanzia wapi. Ni kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo. Sura zote bado zimo.

Kisha hunakili diski nzima, sekta kwa sekta, na kufanyia kazi nakala. TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier, husaka patisheni zilizopotea. Programu mwenza, PhotoRec, huzitambua picha kwa baiti zao za mwanzo, hata kama majina yametoweka.

Nawavulia kofia zaidi kwa uaminifu wao. Diski nyingi za SSD hujisafisha zenyewe baada ya mafaili kufutwa. Hapo fundi wa kweli husema wazi kwamba imeshindikana, wala hauzi matumaini. Na siri za mteja alizoziona humo hazitoki kinywani mwake.

Hongereni, mafundi. Nasi wateja tuwalipe inavyostahili, na tuweke nakala mapema.