Mpako wa Bodi ya Pikapu: Kazi Iko kwenye Msasa

Hilux ya Manyoni huanza kuoza nyuma, injini ikiwa bado nzima. Leo imebeba mbuzi wa mnadani, kesho ndoo za asali kutoka Itigi, keshokutwa mifuko ya salfa ya kwenda kwenye mashamba ya korosho Masigati, na katikati ya hayo yote mawe ya msingi wa nyumba. Mkojo wa mbuzi una chumvi. Salfa ikikaa kwenye unyevu na hewa hugeuka polepole kuwa tindikali. Mawe nayo huchuna rangi na kulifikia bati. Anayetafuta mpako wa kulinda bodi aanze na mizigo hiyo, kabla hajauliza bei wala jina la kopo.

Wengi hukimbilia plastiki ya kudumbukiza, ile inayokuja na umbo la bodi. Ni rahisi kuifunga, na siku ya kwanza inapendeza. Lakini gari likitembea plastiki nayo inatikisika, na mchanga ulioingia chini yake unaisaga rangi taratibu. Maji yanapenya pembeni, hayaoni jua, hayakauki. Ukija kuitoa unakuta kutu imetandaa palepale ulipodhani pamehifadhiwa. Mpako unaoshika bati lenyewe hauachi nafasi hiyo, na ndiyo maana naupendelea.

Mipako hiyo ni ya aina mbili kuu. Kuna poliurithani, ambayo kemia yake ilianzishwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na kuna poliurea ya kupuliza, iliyoendelezwa na kampuni ya Texaco ya Marekani katika miaka ya 1980. Zote zina kemikali iitwayo isosayaneti upande mmoja. Zinatofautiana kwa kile kinachochanganywa nayo. Poliurea inaganda kwa sekunde chache, kwa hiyo haikorogwi kwenye kopo. Sehemu zake mbili hukutana ndani ya bunduki, zikiwa zimepashwa joto la nyuzi 60 hadi 80 na kusukumwa kwa shinikizo kubwa. Mashine ya kazi hiyo inataka umeme wa uhakika na fundi aliyeisomea, na si kitu cha kutarajia kwenye gereji ya kawaida ya mji wa wilaya. Kinachowezekana Manyoni ni poliurithani ya makopo, yenye hadina yake, inayopakwa kwa rola au kwa kompresa.

Sasa tupige hesabu. Bodi ya dabo kabini ina sakafu ya kama mita 1.5 kwa 1.5 na kuta zenye kimo cha karibu nusu mita. Jumla yake ni takriban mita 5 za mraba. Lita moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita moja ikiwa mbichi. Seti ya makopo ya lita 4 basi haifikishi hata milimita moja, na thina ikishapaa unene unazidi kupungua. Mpako wa moto wa mashine kwa kawaida huwekwa milimita 2 au zaidi, yaani zaidi ya lita 10 kwa bodi hiyohiyo. Akija mtu kukuahidi kwamba seti moja ya makopo itastahimili mawe kila siku, hesabu inamkatalia. Kwa mkojo, asali na salfa, unene huo mdogo unatosha kabisa, mradi umeshika.

Na kushika kunategemea maandalizi. Bodi iliyobeba asali ina nta kwenye kila pembe. Ioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, msasa ufuate. Fundi akitanguliza msasa anaisugua nta ndani ya mikwaruzo, na haitoki tena. Baada ya msasa, kitambaa chenye thina kipite, na kingine kikavu kifute nyuma yake papo hapo, kwa sababu thina ikijikaukia yenyewe inaacha mafuta palepale yalipokuwa. Rangi ya kiwandani iliyo imara isitolewe. Chini yake kuna praima iliyowekwa kwa kuzamisha bodi kwenye dimbwi lenye umeme, kinga ambayo gereji haiwezi kuirudisha. Iparuzwe tu mpaka mng'ao wote upotee, hasa kwenye mifereji ya sakafu na chini ya kulabu za kufungia kamba, ambako mkono wa fundi hupita haraka. Penye kutu, shuka hadi bati jeupe, kisha weka praima ya epoksi. Vitundu vya kutolea maji vizibwe kwa karatasi wakati wa kupaka na vifunguliwe kabla mpako haujakauka.

Hali ya hewa nayo ina lake. Isosayaneti ikikutana na maji hutoa gesi, na mpako unajaa mapovu, kwa hiyo msimu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, si wakati mzuri. Kiangazi hewa ni kavu lakini upepo unabeba vumbi. Tafuta banda lenye kuta, anza asubuhi umande ukishakauka, na uache kabla bati halijawa la moto, kwani joto linaichemsha thina na kuacha matundu madogo.

Hapa naomba kila fundi asome polepole. Ukungu wa isosayaneti unaleta pumu, na mwili ukishaukataa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kukubana kifua. Kitambaa puani au barakoa ya vumbi haizuii. Kupuliza kunataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama haipo, tumia rola, kwenye hewa inayopita, na mama lishe wa jirani asiwe upande unaoelekea upepo.

Uamuzi wangu kwa gari la kazi mchanganyiko ni huu: mpako wa makopo kwa rola, wenye chembe za wastani. Chembe kali zinazuia mbuzi na ndoo kuteleza kwenye mpando wa Saranda, lakini zinachana magunia ya alizeti yanapoburutwa. Siku ya mawe, tandika mpira mzito sakafuni na uutoe jioni. Gari la mawe kila siku lipelekwe mji mkubwa kwenye mashine.

Malipo yagawe mara tatu. Ya kwanza ni ya vifaa. Ya pili itoke ukishaikagua bodi iliyopigwa msasa, makopo yakiwa bado hayajafunguliwa. Ya mwisho isubiri wiki moja, mpako ukomae. Kata alama ndogo ya X kwa wembe mahali pasipoonekana, bandika seloteipu imara, vuta kwa nguvu. Mpako ukibanduka kando ya mkato, kazi irudiwe.