Mwani, Matumbawe na Istilahi ya Himaya

Wako watafsiri wanaoandika "ufalme", na wako wanaoandika "himaya", kwa makundi makubwa ambamo wanabiolojia hupanga viumbe hai. Kwa maoni yetu "himaya" ndiyo ifaayo. Ufalme hudai mfalme. Himaya hudai mipaka tu, na mipaka huhama. Watu wa Kilwa hawahitaji maelezo marefu: mji wao uliwahi kutawala biashara ya dhahabu ya Sofala, kisha mwaka 1505 ukatekwa na Wareno.

Mipaka ya himaya za viumbe nayo imehama. Mwaka 1735 Linnaeus aliyagawa maumbile katika mawe, mimea na wanyama. Mwaka 1866 Haeckel aliongeza protista. Mwaka 1969 Whittaker alihesabu himaya tano, kuvu ikiwa na himaya yake. Mwaka 1990 Woese na wenzake waliweka domeni tatu juu ya himaya zote. Kwa hiyo kitabu cha shule kisemacho "himaya ni tano", bila kutaja mpango huo ni wa nani, hugeuza rai ya mtaalamu mmoja kuwa sheria ya maumbile.

Kasoro kubwa zaidi imo katika fasili. Mara nyingi mwani hufasiliwa kuwa "mmea wa baharini". Lakini maji yakupwapo katika pwani ya Kilwa na Lindi, huonekana vitu viwili: nyasi za bahari, zenye mizizi, maua na mbegu; na mwani, usio na hata kimoja kati ya hivyo. Nyasi hizo ni mimea kamili. Mwani mwekundu, ule ulimwao kwa kamba na vigingi, wataalamu wengi huuweka jirani na mimea. Mwani wa kahawia umo katika tawi jingine kabisa. Basi mwani ni jina la umbo na makazi, si jina la himaya.

Matumbawe yanadai uangalifu zaidi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, na si ajabu watu wakiyaita mawe. Hata hivyo, tumbawe hai ni kundi la wanyama wadogo wajengao kiunzi cha chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani wa seli moja. Ofisa akitangaza marufuku ya kuvunja "mawe ya bahari", mvuvi ana haki ya kuuliza jiwe hudhurika vipi. Akiandika "matumbawe, ambayo ni wanyama hai", sababu ya marufuku imo ndani ya tangazo lenyewe.

Twashauri, basi, majina ya pwani yaachwe kama yalivyo, wala yasilazimishwe kubeba himaya. Himaya na itajwe katika fasili, pamoja na mpango uliofuatwa na mwaka wake. Hapo mipaka ikihama tena, tutasahihisha fasili. Maneno yetu yatabaki salama.