Jedwali la potenshali sanifu na kesi ya sufuria

Mwanafunzi wa kemia wa kidato cha tano na sita analijua jedwali la potenshali sanifu za elektrodi: alumini −1.66, zinki −0.76, chuma −0.44, hidrojeni 0.00, shaba +0.34, zote kwa volti. Anakariri, anatoa namba moja kwenye nyingine, anapata alama zake. Halafu muulize: mbona sufuria ya alumini hailiwi ukichemshia maji ya ugali? Hapo wengi wanakwama, na lawama tunaipeleka kwenye ufundishaji.

Kwa jedwali, alumini hutoa elektroni kirahisi kuliko hata zinki. Kinachoiokoa ni ngozi nyembamba ya oksidi inayojijenga juu yake mara tu inapokutana na hewa. Jedwali haliioni ngozi hiyo. Linaonyesha mmenyuko unaelekea wapi. Kuhusu kasi yake halisemi kitu. Darasani jambo hili hutajwa kwa haraka, kama linatajwa.

Kasoro ya pili: neno "sanifu" linarukwa. Maana yake ni ayoni mole 1 kwa lita, gesi kwenye kanieneo ya takriban angahewa 1, na kwa kawaida nyuzijoto 25. Hata sifuri ya hidrojeni ni makubaliano tu, kama tunavyosema Dodoma ipo yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: lazima uanzie mahali. Kwenye maji yenye pH 7, potenshali hiyo ya hidrojeni hushuka hadi −0.41. Chuma kinabaki kimeipita kidogo sana, ndiyo maana kutu ya kawaida huitegemea oksijeni.

Sasa tuje nyumbani. Visima vingi vya huku Dodoma vina maji ya chumvi, na maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko ya mvua. Fundi akiunga kipande cha shaba moja kwa moja kwenye bomba la chuma lililopakwa zinki, ametengeneza betri bila kujua. Jedwali linakwambia nani ataliwa: zinki kwanza, kisha chuma, shaba inabaki salama. Ni miezi au miaka mingapi? Hilo utaliuliza maji yenyewe. Vilevile zinki ya bati ni −0.76 Dodoma na −0.76 Tanga, lakini hewa ya chumvi ya pwani humaliza bati mapema kuliko hewa yetu kavu.

Jedwali lenyewe ni zuri, na kwa mistari michache linabeba mambo mengi. Tunachodai ni swali la mtihani la namna hii: "Bomba hili litaoza wapi kwanza, na ni nini ambacho jedwali haliwezi kukwambia?" Atakayejibu sehemu zote mbili tunaweza kumkabidhi kisima cha kijiji.